Vifaa Vyote Vilikuwepo: Kisa cha Kobe wa Tope Aliyefumba Macho

Swali lililoletwa lilikuwa fupi: kobe wa majini hutiwa dawa gani ya macho? Aliyeuliza ni kijana aliyekuwa anafuga kobe wa tope kwa mara ya kwanza. Macho yote mawili ya kobe wake yalikuwa yamevimba hadi kope zimegandana, na kwa karibu wiki mbili mnyama hakuwa ametia chochote mdomoni. Dawa ya macho ya binadamu alikwisha kumdondoshea, nafuu haikuonekana. Alichotaka sasa ni jina la dawa nyingine.

Kabla ya kutaja dawa yoyote niliomba picha za tangi, kutoka juu na kutoka ubavuni, pamoja na picha ya kopo la chakula. Zilikuja na lalamiko: "Kaka, kila nilichoambiwa ninunue nimenunua." Na kweli alikuwa amenunua. Tangi la kioo la urefu wa sentimita 80, chujio, hita, taa ya miale ya UVB (sehemu ya miale ya jua isiyoonekana kwa macho), kipimajoto, kisiwa cha plastiki cha kuotea joto, chakula cha kopo. Ungeishika orodha ile ya manunuzi usingepata cha kuongeza. Ndiyo sababu kisa hiki kinastahili kuandikwa kwa urefu. Hakuna kifaa kilichokosekana, ila hapakuwa na hata kimoja kilichokuwa kinafanya kazi iliyokifanya kinunuliwe.

Tuanze na mnyama mwenyewe, maana wengi huruka hatua hii. Kuna makundi mawili ya kobe wa tope, na hayana ukoo wa karibu. Wale wa Amerika, Kinosternon, wana bawaba mbili kwenye gamba la tumbo, moja mbele na moja nyuma, na shingo huirudisha ndani moja kwa moja. Wale wa Afrika, Pelusios, wana bawaba moja tu ya mbele, na shingo huikunja ubavuni chini ya ukingo wa gamba. Tofauti hii ina uzito kwa mfugaji: Kinosternon subrubrum mzima hufikia sentimita 8 hadi 12 hivi, wakati Pelusios sinuatus anaweza kupita sentimita 40. Anayenunua mtoto wa gamba la sentimita 5 bila kumgeuza kumtazama tumbo anaweza kujikuta miaka michache baadaye akitafuta bwawa. Na kama kobe ameokotwa mtoni badala ya kuzaliwa kwa mfugaji, swali la kwanza si tangi bali ni kibali cha wanyamapori.

Huyu alikuwa na mistari miwili ya bawaba, shingo inaingia moja kwa moja, gamba la mgongo sentimita 5 na ushee, kahawia lisilo na mistari. Kinosternon subrubrum, basi, kobe wa kusini mashariki mwa Marekani. Kwao ni mitaro, vinamasi na madimbwi ya kina kifupi yenye tope chini. Anaogelea, lakini si mwogeleaji hodari. Maisha yake ni kutembea juu ya sakafu ya dimbwi akipekua tope, kisha kupanda kwenye mzizi au jani ili kuvuta pumzi. Shika hilo, maana nusu ya makosa ya tangi hili yanatoka hapo.

Maji yalikuwa yamejazwa karibu sentimita 38. Mtoto wa sentimita 5, sakafu ya kioo tupu, hakuna gogo, hakuna mzizi, hakuna mmea wa kushika. Kisiwa cha plastiki kilishikiliwa na vibandiko vya kunyonya ambavyo viliachia muda mrefu, nacho kilizama upande mmoja kila kobe alipojaribu kupanda. Mwenyewe alisimulia kwa furaha kwamba wiki za mwanzo kobe "alikuwa mchangamfu sana, anaogelea juu chini kutwa nzima". Kobe wa tope anayeogelea juu chini kutwa nzima hachezi. Anatafuta hewa, na kila pumzi anailipia kwa safari ya kwenda na kurudi. Nguvu aliyopaswa kukulia aliimalizia humo.

Hita ilikuwepo, wati 50, katika maji yanayopita lita 100, ndani ya chumba kinachopoa usiku. Kwa tangi la kiasi hicho ningetegemea wati 100 au zaidi, kwa kipimo cha kawaida cha karibu wati moja kwa kila lita. Swichi yake ilielekezwa kwenye 26 na kijana aliamini kwamba namba ya kwenye swichi ndiyo joto la maji. Kipimajoto nacho kilikuwepo: stika iliyobandikwa nje ya kioo, juu, karibu kabisa na taa. Kilisoma 27. Nilimwomba atumbukize kipimajoto cha kawaida chini kabisa, upande ulio mbali na hita, asubuhi kabla taa haijawaka. Nyuzi 20.

Hapo ndipo ningemwomba kila anayeanza atue kidogo. Kobe hana joto lake mwenyewe. Kumeng'enya chakula, kupambana na vijidudu, kujenga gamba, vyote huendeshwa na joto la maji na la mahali anapoota. Mtoto wa kobe huyu anahitaji maji ya nyuzi 25 hadi 27 na mahali pakavu penye nyuzi 30 hadi 32. Katika nyuzi 20 hatakufa leo wala kesho, ila hamu ya kula hushuka, na hata akila chakula hukaa tumboni. Kwa hiyo kobe akikataa chakula, cha kwanza kushika ni kipimajoto, halafu ndipo utafute kopo jingine.

Taa ya UVB ilikuwa nzuri, tena ya bei. Ililazwa juu ya mfuniko wa kioo. Kioo cha kawaida hupitisha mwanga na huzuia karibu miale yote ya UVB, kwa hiyo tangi lilikuwa linang'aa vizuri na kobe hakuwa anapata chochote cha maana. Ndivyo ilivyo pia kwa tangi linalowekwa karibu na dirisha lililofungwa: jua linaingia, UVB inabaki nje, na tangi dogo linaweza hata kuchemka. Wavu wa waya huzuia sehemu tu, mfuniko wa kioo huzuia takriban yote. Bila UVB ngozi haitengenezi vitamini D3, na bila D3 mwili hauwezi kuichukua kalsiamu ya kutosha kutoka kwenye chakula. Nilimwomba abonyeze taratibu ukingo wa gamba. Ulikuwa unabonyea. Kwa mtoto aliyetoka yaini karibuni hilo ni la kawaida, kwa huyu aliyefugwa zaidi ya nusu mwaka halikuwa la kawaida.

Sasa chujio. Maji kwenye picha yalikuwa maangavu kiasi cha kusoma maandishi upande wa pili wa tangi, na kijana alijivunia hilo. Kila wiki alimwaga maji yote, akasugua kioo, akaosha sifongo la chujio chini ya bomba mpaka likawa jeupe. Nilipomshawishi anunue vipimo vya maji, vilionyesha amonia miligramu 2 kwa lita, nitriti kidogo, na nitrati karibu sifuri. Namba hiyo ya mwisho ndiyo iliyosema yote. Kinyesi na chakula kilichooza hutoa amonia. Bakteria wanaoishi kwenye sifongo na kwenye kuta huigeuza kuwa nitriti, na wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo na huondolewa kwa kubadilisha sehemu ya maji. Bakteria hao huchukua wiki nne hadi sita hivi kujijenga. Tangi la zaidi ya nusu mwaka lenye amonia nyingi na nitrati sifuri maana yake bakteria hawajawahi kukaa, na sababu ilikuwa usafi wenyewe: klorini ya bomba iliwaua kila wiki. Sifongo huoshwa ndani ya ndoo ya maji yaliyotolewa tangini, kwa kukamuliwa tu, na maji hubadilishwa robo au theluthi kwa mara moja, yakiwa yametiwa dawa ya kuondoa klorini.

Kuna jambo jingine kuhusu uoshaji ule. Sifongo lilikuwa likioshwa kwenye sinki la jikoni. Kobe hubeba salmonela, bakteria wanaoharisha binadamu, bila kuumwa wala kuonyesha dalili, na maji ya tangi lake ni sehemu ya mzigo huo. Marekani ilipiga marufuku tangu mwaka 1975 uuzaji wa kobe wenye gamba chini ya inchi 4, yaani sentimita 10 hivi, kwa sababu watoto wadogo waliwashika, hata kuwatia mdomoni, wakaugua. Ndoo ya kobe iwe ya kobe, mikono ioshwe kwa sabuni, na sinki la jikoni lisihusike. Hapo sina mjadala.

Turudi kwenye macho, ambayo ndiyo yaliyoleta swali. Jicho moja likivimba, unawaza kwanza jeraha au uchafu ulioingia. Yakivimba yote mawili, tena pamoja, tatizo liko kwenye kitu kinachoyafikia yote mawili kwa wakati mmoja: maji au mwili. Amonia huwasha macho na ngozi, na klorini pia. Kwa hiyo maji yalikuwa mshukiwa halali. Lakini kopo la chakula lilikuwa limetaja mshukiwa wa pili. Kobe alikuwa akila uduvi mkavu, na kwa "kumbadilishia" alipewa vipande vya nyama tupu ya kuku. Miezi yote. Hakuna kingine.

Chakula hicho kina upungufu wa vitamini A. Kazi yake moja ni kuuweka laini utando unaofunika tezi na mirija ya machozi. Ikipungua, utando huo huwa mgumu, mirija huziba, tezi hujaa, kope huvimba na chini yake hujikusanya takataka nyeupe kama jibini. Mtoto wa kobe hutoka yaini na akiba ya vitamini hii kwenye ini, aliyorithi kwenye kiini. Akiba hiyo humvusha miezi michache, ndiyo maana wafugaji wengi huapa kwamba uduvi "ulikuwa haumsumbui". Haukuwa unamsumbua kwa sababu alikuwa anakula akiba. Inapokwisha, macho hufunga, na kobe asiyeona chakula hali, na asipokula upungufu unaongezeka.

Tulivitenganisha vipi viwili hivi? Kwa kurekebisha maji kwanza na kutazama. Baada ya siku chache za maji safi wekundu wa ngozi shingoni na miguuni ulipungua kabisa, lakini uvimbe wa macho haukutikisika. Hilo peke yake si uthibitisho, ila lilitosha kumwambia kijana aache kutafuta matone na ampeleke kobe kwa daktari wa wanyama mwenye uzoefu na watambaao. Alisitasita, akidhani vitamini inaweza kununuliwa na kudungwa nyumbani. Hapana. Vitamini A ikizidi, hasa kwa sindano, hufanya ngozi ya kobe ichubuke na kuvuliwa vipande vipande, na jeraha hilo hupona kwa tabu kuliko macho. Ni eneo ambalo mapenzi ya mfugaji huua.

Daktari alimpima uzito, akamfungua mdomo, akampiga eksirei. Mapafu yalikuwa safi, na hilo lilikuwa la kushukuru, kwani baridi ile ingeweza kuleta nimonia. Mwenyewe nyumbani unaweza kuangalia dalili zake: kobe anaelea ameinama upande mmoja, anatoa mapovu puani, anapumua kinywa wazi. Huyu hakuwa na hata moja. Mifupa kwenye picha ilikuwa hafifu kuliko inavyotakiwa, sambamba na ule ukingo wa gamba uliobonyea. Daktari alisafisha takataka chini ya kope kwa maji ya chumvi ya vuguvugu, akatoa dozi ndogo ya vitamini A ya mdomo ya kurudiwa kwa kuachanisha siku, na marhamu ya antibiotiki kwa jicho moja lililokuwa limeanza kupata usaha. Kwa hiyo dawa ya macho ilihitajika kweli, lakini kwa jicho moja, mwishoni, na kwa sababu nyingine.

Kilichobaki kilikuwa cha nyumbani, na mpangilio wake ndio ulionishughulisha kuliko vyote. Mtu akigundua makosa manne hutaka kuyafuta yote usiku huohuo. Hapa haraka ingeumiza. Amonia huwa katika hali mbili ndani ya maji, moja kali na moja pole, na joto likipanda sehemu kali huongezeka. Kuweka hita kubwa katika maji yale yale machafu kungeyafanya yawashe zaidi. Kwa hiyo maji yalibadilishwa kwanza, sehemu kwa sehemu, ndipo hita ya wati 100 ikawekwa karibu na mkondo wa chujio na joto likapandishwa taratibu mpaka 26. Hita yenyewe ilifunikwa na kizuizi cha plastiki, maana kobe hujibana nyuma ya hita na kuungua au kuipasua.

Wakati tangi linajijenga, kobe alihamishiwa kwenye beseni pana lenye maji ya vuguvugu yasiyozidi kimo cha gamba lake, na kigae cha kupanda. Kobe kipofu hawezi kuzama humo, na ni rahisi kumlisha. Maji yalibadilishwa kila siku. Nilimshauri asimshike zaidi ya ilivyolazimu, ushauri ambao kobe mwenyewe aliuunga mkono kwa kuuma na kutoa ile harufu yake ya kinyaa kutoka kwenye tezi za ubavuni. Kobe anayenuka na kuuma ana nguvu bado.

Kula ndiko kulikochelewa. Chakula cha chembechembe kilichotengenezwa kwa kobe wa majini, chenye vitamini A na D3, kilikataliwa kabisa, na sishangai: asingeweza kukiona, na hakikuwa na harufu aliyoizoea. Kilichovunja mgomo ni nyungunyungu aliyekatwa, akagusishwa mdomoni. Kobe hawa hunusa vizuri chini ya maji, na damu ya nyungunyungu inawafikia hata macho yakiwa yamefumba. Baada ya hapo chembechembe zililowekwa kwenye maji ya nyungunyungu, kisha nyungunyungu akapunguzwa kidogo kidogo. Uduvi ulibaki kama kionjo cha mara moja moja. Nyama tupu iliondolewa moja kwa moja: ina fosforasi nyingi mno kwa kalsiamu kidogo, wakati kobe anahitaji kalsiamu iwe karibu maradufu ya fosforasi. Konokono wadogo waliofugwa, wenye gamba, ni bora mara kumi, ila wasiokotwe mtaroni kwa sababu ya minyoo na sumu za shamba. Kipande cha mfupa wa ngisi kiliachwa kinaelea aking'ate apendapo. Kwa kiasi, mtoto hulishwa kila siku chembechembe zinazoweza kujaa ukubwa wa kichwa chake, na mzima hulishwa kila baada ya siku mbili au tatu. Atakuomba zaidi. Kobe huomba hata akiwa ameshiba.

Kuhusu UVB, wapo wafugaji wazoefu wanaosema kobe wa tope haihitaji kwa kuwa hujificha mchana na huota jua kwa nadra, na kwamba D3 ya kwenye chembechembe inatosha. Wana hoja, na wamelea kobe wazima kwa njia hiyo. Lakini wanajua wanacholisha. Anayeanza hajui bado, na kobe wake anaweza kukataa chembechembe mwezi mzima kama huyu. Msimamo wangu ni taa iwepo, bila kioo kati yake na kobe, kwa umbali uliotajwa na mtengenezaji, na mrija ubadilishwe karibu kila mwaka hata kama bado unawaka, kwani mwanga hudumu muda mrefu baada ya miale kufifia.

Tangi lilipokuwa tayari lilirudishwa na sura nyingine: kina cha maji kama sentimita 10, mchanga laini wa kupekua sakafuni badala ya kokoto ndogo ambazo kobe humeza zikamziba utumbo, matawi yaliyolazwa kuanzia chini hadi juu ya maji, pango la kigae, na kisiwa kizito kisichoyumba. Maji yataongezwa kina kadiri anavyokua. Kijana alilalamika kwamba sasa hamwoni kobe wake. Ni kweli, siku nyingi huonekana pua tu. Anayetaka mnyama wa kumtazama akiogelea alipaswa kuchagua samaki, na ni afadhali aambiwe hivyo kabla hajanunua kiumbe anayeweza kuishi miaka 30 na zaidi.

Jicho la kushoto lilifunguka kwanza, la kulia, lile lililokuwa na usaha, likafuata baada ya wiki kadhaa. Amonia ilifika sifuri na nitrati ikaanza kupanda, ishara kwamba bakteria wamekubali kukaa. Gamba linakwenda polepole zaidi: ukingo umekaza, lakini mkunjo mdogo uliokwisha kujitokeza upande wa nyuma hautanyooka, na daktari anataka eksirei nyingine kabla ya kusema mifupa imekamilika.

Ujumbe wake wa hivi karibuni ulikuwa na swali jipya: je, anunue wa pili ili huyu asiwe mpweke? Nilimjibu hapana. Kobe hawa hawahitaji mwenzao, hugombania chakula na kung'atana miguu na mikia, na kama mmoja atakuwa dume na mwingine jike, dume hamwachi jike apumzike. Na jinsia ya huyu bado haijulikani. Akikua, mkia mrefu mnene wenye ncha ngumu utaonyesha dume. Mkia ukibaki mfupi, kijana atahitaji kumtengenezea sehemu ya mchanga mkavu ya kutagia, kwa sababu jike hutunga mayai hata bila dume, na asipopata pa kuyafukia anaweza kuyazuia tumboni mpaka yamwue.